Mjengee mtoto nyumba ndani ya nyumba

MVUA imekuwa ikinyesha tangu alfajiri. Ni Jumamosi na uko nyumbani kwako, pengine Umoja, Kawangware, Changamwe au Kondele. Watoto wako wawili hawajatoka nje tangu waamke, maana huko ni matope matupu na mtaro umefurika. Runinga iko kimya kwa sababu stima zimepotea.

Unapoinua macho kutoka kwenye sufuria, unakuta wametandua kitanda, wakachukua shuka na leso yako mpya, wakazitandaza juu ya viti na kuingia chini yake. Neno la kwanza linalokujia mdomoni ni la kukaripia. Ni nani aliyewaruhusu kuchezea shuka?

Subiri kidogo, msomaji. Kabla hujalivuta shuka hilo, inama usikilize yanayosemwa humo ndani. Yamkini kuna mama anayepika chapati, kuna mgonjwa anayesubiri kudungwa sindano, na kuna mgeni anayebisha hodi. Unachokiona kuwa fujo, kwao ni nyumba.

Makala haya yanakueleza ni kwa nini nyumba hiyo inamfaa mtoto wako, jinsi ya kumsaidia kuijenga bila kutumia pesa na, lililo muhimu zaidi, jinsi ya kuhakikisha kwamba mchezo hauishii hospitalini.

Mchezo si upuzi

Wengi wetu tuliokulia mashambani hatukufundishwa na mtu kujenga vibanda. Tulichukua majani ya migomba na vijiti, tukaezeka, tukapika ugali wa udongo katika vifuniko vya chupa na kugawana vyeo vya baba, mama na watoto. Mchezo huo ndio watoto wengi wanaouita kalongolongo.

Mtoto wa mjini hana migomba. Ana chumba cha futi 10 kwa 10 wanamoishi watu watano, na ujia wa ploti uliojaa majiko, ndoo na nguo zilizoanikwa. Huko nje ya lango, pikipiki zinapita kwa kasi. Si ajabu kwamba mzazi huona afadhali mtoto akae kitako mbele ya runinga au apewe simu ili atulie.

Hata hivyo, kutulia huko kuna gharama yake. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza kwamba mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4 awe akiushughulisha mwili wake kwa jumla ya dakika zisizopungua 180 kila siku. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kuketishwa mbele ya runinga au simu hata kidogo, na yule wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Dakika 180 ni saa tatu. Si lazima ziwe za mbio. Kutambaa kuingia chini ya meza, kubeba mito, kuinua mikono kutandaza leso, kuchuchumaa na kuinuka, yote hayo yanahesabika. Mtoto anayejenga na kubomoa kibanda mara tatu asubuhi moja amefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Isitoshe, akili yake nayo inafanya kazi. Anapima kwa macho iwapo leso itafika kiti cha pili. Inapoanguka, anafikiria njia nyingine. Anapatana na dada yake ni nani atakuwa daktari kwanza, na hapo anajifunza kungoja zamu. Anatumia maneno ambayo hutamsikia akiyatumia anapoulizwa maswali na watu wazima.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Katika nyumba ya chumba kimoja, mtoto hana mahali pake pa kujitenga. Kibanda cha leso humpa kona anayoimiliki, ambamo ndiye mwenye kusema karibu au ngoja. Kwa mtoto aliyehama mtaa, aliyepata ndugu mchanga au aliyetoka kulazwa hospitalini, kona hiyo humtuliza.

Kumbuka pia kwamba kucheza si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unataja mapumziko na michezo katika kifungu cha 31 kama haki ya kila mtoto.

Njia nne rahisi

Huhitaji kununua chochote, wala kupigilia misumari ukutani na kukosana na landilodi. Chagua mojawapo ya njia zifuatazo kulingana na nafasi uliyo nayo.

*Viti na leso.* Weka viti viwili vizito vikiwa vimepeana mgongo, umbali wa kama mita moja. Tandaza leso juu yake. Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu, hivyo itafunika katikati na kuning'inia kidogo. Ibanie kwenye migongo ya viti kwa pegi za nguo. Viti vyepesi vya plastiki huanguka upesi, kwa hivyo kama ndivyo ulivyo navyo, mwambie mtoto mkubwa asaidie kuweka kitu kizito juu ya kikalio, kama vile mto uliojaa nguo.

Leso ni bora kuliko blanketi. Ni nyepesi, inapitisha hewa na mwanga, na ikimwangukia mtoto haimwelemei. Kwa wakazi wa Pwani wanaojua joto la Februari, blanketi ni mateso. Faida ya ziada ni kwamba leso ina maandishi. Mtoto wa PP2 anayeanza kutambua herufi atalala chali na kukuuliza paa la nyumba yake limeandikwa nini.

*Chini ya meza.* Hii ndiyo nyumba ya haraka kuliko zote, kwa kuwa kuta zimeshasimama. Ondoa kila kitu juu ya meza kabla ya kutandika shuka. Tutalirejelea jambo hili baadaye. Acha pande mbili wazi, upande wa kuingilia na upande wa kutokea.

*Kitanda cha dabo deka.* Kama watoto wako hulalia kitanda cha ghorofa, kitanda cha chini tayari ni chumba. Chomeka ncha ya leso chini ya godoro la juu na uiache ining'inie upande mmoja kama pazia. Waonye watoto wasining'inie kwenye leso hiyo, na wasipande juu kuruka.

*Katoni.* Watoto huipenda nyumba ya katoni kwa sababu haibomolewi jioni. Maduka yanayouza runinga, friji na majiko ya gesi hubaki na makatoni makubwa. Walio Nairobi wanajua jinsi yanavyorundikwa kando ya maduka ya barabara ya Luthuli. Uliza kwa upole na utapewa bure au kwa bei ndogo.

Kata mlango wenye upana unaozidi mabega ya mtoto, na dirisha upande wa pili ili hewa ipite. Kazi ya kisu ni yako, si ya mtoto. Ng'oa pini zote za chuma zinazoshikilia katoni na ufunike kingo zilizokatwa kwa selotepu ili zisimkwaruze.

Huna selotepu? Tengeneza gundi ya unga. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano katika maji baridi kidogo, kisha mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji. Ikipoa, mpe mtoto abandike karatasi kwenye kuta zake. Gazeti hili, ukishamaliza kulisoma, litafaa sana kwa kazi hiyo.

Kila umri na nyumba yake

Mtoto ambaye ametimiza miezi tisa na anatambaa hahitaji kibanda. Mpe katoni iliyofunguliwa pande zote mbili, akae upande mmoja nawe upande mwingine, na umwite. Akifika kwako amepata mazoezi na furaha kwa wakati mmoja.

Wa miaka miwili hadi mitatu hupenda kuingia na kutoka, kujaza na kumwaga. Mwekee humo sufuria kuukuu, mwiko, kikombe cha plastiki na mfuko wa kitambaa.

Wa miaka minne hadi sita ndiye fundi. Usimjengee, mwachie ajenge mwenyewe, nawe uwe kibarua wake. Akikuuliza paa litashikwa na nini, mrudishie swali. Leo kibanda kitakuwa duka, kesho zahanati, keshokutwa matatu yenye kondakta anayedai nauli. Mpe karatasi za kukata ziwe pesa, na chupa tupu zilizooshwa vyema ziwe bidhaa.

Wavulana nao wapike na kubeba mwanasesere. Mtoto wa kiume anayembembeleza mtoto wa kitambaa hajapotoka. Anajifunza kuwa baba. Na iwapo una mtoto asiyeweza kutembea, panua mlango, shusha paa na umlaze kwenye godoro humo ndani ili wenzake wamtembelee. Yeye pia ana haki ya kuwa mwenye nyumba.

Hatari usizopaswa kupuuza

Hapa ndipo tunapokuomba usome polepole, kwa maana kibanda kisichoangaliwa kinaweza kuleta msiba.

Ya kwanza ni moto. Msimu wa baridi wa Julai, familia nyingi huingiza jiko la makaa ndani ili kupasha chumba joto. Leso na katoni hushika moto kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke tena. Kuwe na kanuni moja isiyovunjwa: jiko likiwa linawaka ndani, hakuna kibanda. Mshumaa na taa ya kibatari pia ni marufuku humo. Wakitaka mwanga, wape tochi, na uhakikishe kifuniko cha betri kimefungwa imara kwa skurubu. Betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo na ni hatari kubwa.

Ya pili ni maji na chai ya moto. Tulisema uondoe vitu vyote mezani. Mtoto aliye chini ya meza akivuta shuka, chupa ya chai au bakuli la uji litamwangukia kichwani. Ikitokea ameungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitalini. Usimpake dawa ya meno, unga wala yai. Vilevile, usiache beseni au ndoo yenye maji karibu na wanapochezea watoto wadogo, kwa sababu maji ya kina kifupi tu yanatosha kumzamisha mtoto.

Ya tatu ni hewa. Sehemu mbili za kibanda ziwe wazi daima. Usitumie karatasi ya plastiki kuwa paa au pazia. Mwelekeze mtoto asijifungie katika kitu chochote chenye kifuniko kizito au kinachojifunga. Hapa tunafikiria hasa lile sanduku la chuma la shule ya bweni ambalo hukaa tupu wakati wa likizo. Kwa mtoto wa miaka minne, hiyo ni nyumba tayari. Kwa kweli ni mtego, maana kifuniko kikianguka na komeo likajishika, hataweza kulifungua na sauti yake haitasikika mbali. Lifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae nawe. Friji kuukuu ing'olewe mlango.

Ya nne ni kamba. Usifunge kamba kutoka ukuta hadi ukuta mahali ambapo shingo ya mtoto inaweza kufika, na usimwachie kamba ndefu, mshipi au tai za kuchezea humo ndani. Pegi zinatosha.

Ya tano ni vitu vinavyoanguka. Kamwe usifunge shuka kwenye meza ya runinga, rafu ya vyombo au mtungi wa gesi. Kibanda kisijengwe chini ya dirisha, hasa kwa mnaoishi ghorofani, kwa kuwa mtoto atapanda kiti kimojawapo kuchungulia nje.

Ya sita ni sumu, na hii inahusu zile chupa za duka letu la kuigiza. Ukimzoesha mtoto kuchezea chupa za soda, hakikisha hakuna chupa ya soda nyumbani mwako iliyotiwa mafuta ya taa, dawa ya kunguni au dawa ya kufulia. Mtoto hawezi kutofautisha. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja ukiwa umebeba hiyo chupa. Katoni nayo isiwe iliyobeba dawa za wadudu au kemikali.

Mwisho ni usafi. Mende na kunguni hupenda mikunjo ya katoni. Iangalie vizuri na uianike juani kabla ya kuiingiza ndani. Ikilowa au ikianza kunuka uvundo, itupe. Kwa mtoto mwenye pumu, tumia leso zilizofuliwa badala ya mablanketi yaliyokaa kabatini, kwani vumbi linaweza kumchokoza.

Mtoto mchanga asilazwe kibandani kamwe. Na mkubwa akilala humo, ondoa paa au umhamishie kitandani.

Sikiliza yanayosemwa humo

Jioni moja ya mvua za Aprili, mwandishi wa makala haya alikuwa akipiga pasi huku bintiye wa miaka minne akicheza chini ya leso. Alikuwa mama, na mwanasesere alikuwa mtoto. Mama huyo aliingia nyumbani, akatupa mkoba, akamwambia mwanasesere anyamaze kwa sababu amechoka, na kwamba kila siku ni makelele tu. Alisema hivyo kwa sauti ambayo mwandishi aliitambua mara moja. Ilikuwa yake mwenyewe, hata ule mguno wa mwisho.

Hakuna mwalimu wala jirani ambaye angeweza kumwambia mwandishi jambo hilo waziwazi hivyo. Pasi ilizimwa. Hodi ilibishwa, na mgeni akakaribishwa kunywa chai ya hewa katika kikombe cha plastiki. Tangu siku hiyo, anapofika kutoka kazini, mwandishi hujaribu kukaa chini dakika kumi kabla ya kuuliza lolote.

Watoto huigiza wanayoyaona. Akiigiza baba anayerudi na mkate na maziwa, shukuru. Akiigiza ugomvi mara moja, usishtuke, kwani huenda ameuona mtaani au kwenye runinga. Lakini akirudia siku baada ya siku mchezo wa kupigwa, wa kuogopa mtu fulani au wa kuguswa sehemu za siri, usimkaripie wala usicheke. Muulize kwa utulivu, bila kumtia maneno mdomoni, na utafute msaada. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo popote nchini Kenya.

Hali kadhalika, mtoto anayejificha kibandani kila siku akikataa wenzake, chakula na hata wewe, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Kona ya kupumzikia isigeuke pango la kujitenga na watu.

Kisichukue nafasi ya jua

Kibanda cha sebuleni ni cha siku za mvua, cha jioni na cha saa za jua kali. Si badala ya kutoka nje. Mtoto anayefungiwa ndani siku zote hukosa mwanga wa jua ambao mwili hutumia kutengeneza vitamini D. Mifupa yake hulainika na miguu kupinda, ugonjwa tunaouita matege. Mvua ikikatika, mpeleke uani, juu ya paa lenye ukuta imara ukiwa naye, au kwenye uwanja wa kanisa au shule iliyo karibu.

Mweleze pia yaya au jirani anayekuachia jicho kwa watoto kanuni hizi, hasa ile ya jiko na ile ya sanduku. Haifai wewe uwe unajua na yule anayeshinda nao asiwe anajua.

Wakati wa kubomoa ukifika, usivute shuka ghafla. Mpe mtoto taarifa dakika tano kabla, umwache amalize kupika au kutibu, kisha mkunje leso pamoja. Mpe kazi ya kuhesabu pegi. Akijua kwamba kesho atajenga tena, hatalia.

Shuka litafulika, na viti vitarudi mahali pake kabla ya wageni kufika. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi mvua itakapokufungia tena Jumamosi moja, piga magoti, bisha hodi kwenye leso yako mwenyewe, na ungoje ukaribishwe.